Pasi ya Mia na Kumi

Wiki iliyopita mjukuu wangu alichomeka chaja ya simu ukutani kwa kifaa cha kuunganishia alichonunua barabarani, na kabla hajageuka nikasikia harufu. Haukuwa moshi bado. Ilikuwa ile harufu ya mpira unaopata joto mahali usipopaswa kupata, tamu kidogo, inayoganda nyuma ya koo. Niliinuka, nikazima swichi, nikachomoa. Nikaenda chumbani nikachomoa redio, nikaenda jikoni nikachomoa birika na friji. Kijana akanifuata nyuma. "Bibi, ni adapta tu, haikukaa vizuri." Nilimsikia. Miguu ndiyo haikumsikia. Ilinizungusha nyumba mara mbili, na nilipoketi mikono ikaendelea kutafuta kitu cha kuzima.

Wa umri wangu watanielewa. Sisi hatukuzaliwa na umeme ndani ya nyumba. Tulikutana nao tukiwa tayari na akili ya kutafuta maelezo, na mengi ya maelezo hayo tulijitungia wenyewe. La kwangu lilikaribia kumuua mama yangu, na baada ya hapo likakaribia kumharibia maisha mtu asiye na kosa lolote.

Tulihamia Bukoba mjini kutoka Muleba nikiwa na miaka tisa. Taata, yaani baba yangu, alikuwa dresa katika hospitali ya misheni iliyokuwa kilimani kule, akisafisha vidonda na kufunga bandeji. Alipopata nafasi katika hospitali ya serikali mjini, tulipakia magodoro, masufuria na sanduku la bati kwenye lori la kahawa, tukateremka hadi ziwani. Njia nzima sikukaa. Nilisimama nimeshika kamba, nikakaa, nikasimama tena, mpaka Mae, mama yangu, akanifunga kiunoni kwa kitenge na kunikaza kwake. Alikuwa na msemo wake kuhusu mimi: kwamba alinizaa njiani akienda shambani, ndiyo maana sijawahi kufika.

Ndani ya lile sanduku la bati, chini kabisa, kulikuwa na pasi ya umeme. Kule misheni Mae alikuwa mpiga pasi wa hospitali. Misheni ilikuwa na injini yake ya umeme, imefungiwa kwenye kibanda cha mabati, na iliponguruma asubuhi Mae alinyoosha aproni za wauguzi na mashuka ya wodini kwa pasi ya mama daktari, mzungu kutoka Amerika. Mama daktari alipomaliza muda wake akarudi kwao, alimwachia Mae ile pasi. Ilikuwa nzito, inang'aa mpaka unajiona pua, na waya wake ulivikwa kitambaa cha madoadoa meusi na meupe kama chatu mchanga. Mwishoni mwa waya kulikuwa na plagi yenye meno mawili bapa. Hakuna mwanamke mwingine tuliyemjua aliyekuwa na kitu kama hicho, na Mae, ambaye hakuwa mtu wa kujivuna, aliifunga kwa kitambaa chake kizuri kuliko vyote.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa Bakoba, ya mabati, imegawanywa katikati na baraza moja mbele. Upande mmoja sisi. Upande wa pili fundi wa umeme, mtu wa Pangani, aliyeletwa na waajiri wake kupanda nguzo na kuunga nyaya za mji. Alikuwa na mke na binti mmoja, Zuhura, wa rika langu, kwa hiyo kila mtu alimwita Baba Zuhura. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole wa sauti, na alivaa kofia ya kufuma hata akiwa juu ya nguzo. Kwenye ukuta wa baraza, katikati ya milango yetu, ulikuwepo ubao wenye mita na swichi kubwa ya mpini, iliyotumikia pande zote mbili.

Zuhura alinifundisha Kiswahili kuliko shule. Kwetu ndani tulisema Kihaya tu. Kiswahili kilikuwa cha darasani, cha ofisini, na cha barazani kwa Zuhura. Yeye alinifundisha kusuka ukili wa mikeka, mimi nikamfundisha kukamata senene na kuwanyonyoa mabawa. Alikuwa na utulivu ambao mimi sikuwa nao. Angeweza kukaa nusu saa akiangalia sisimizi. Mimi nilimaliza nusu saa hiyo nimeshakwenda mtoni Kanoni na kurudi.

Siku ya kwanza ya nyumba mpya Mae alitoa pasi sandukuni na kwenda nayo ukutani. Pale ukutani palikuwa na matundu matatu ya mviringo, makubwa, na kidude kidogo cha kuwashia juu yake. Meno bapa hayakuingia. Taata alijaribu kuyapinda. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, pua karibu na matundu, nikitazama ndani kama kuna mtu. Mwishowe Taata akamwita jirani.

Baba Zuhura alivua viatu mlangoni, akaipokea pasi kwa mikono miwili, akaigeuza. Palikuwa na kibati kidogo kimeandikwa kwa nambari. Akasoma, kisha akatikisa kichwa.

"Hii ni ya mia na kumi, bwana dresa," akasema. "Huko mlikotoka injini ilikuwa inatoa mia na kumi. Hapa ukutani unakuja mia mbili na thelathini. Haifai. Msiichomeke."

"Si ni plagi tu haiingii?" Taata akauliza. "Wewe ni fundi. Ibadilishe plagi."

"Kubadili plagi ni kazi ya dakika tano. Lakini plagi kutoingia ndiyo salama yenu. Nikikuwekea inayoingia, nimekuwekea moto. Mpaka ipatikane transfoma ya kupunguza nguvu, na hapa Bukoba sijaiona ya kutosha pasi."

Taata alishukuru, lakini niliona shingo yake imekaza. Alikuwa mtu wa kuwaambia wengine nini wasile na wapi wasiguse; kuambiwa mbele ya mkewe hakukumpendeza. Mae alikunja kitambaa chake juu ya pasi, akairudisha sandukuni. Siku chache baadaye shangazi yangu, dada mkubwa wa Taata, alikuja kututembelea kutoka Rubafu, akasimuliwa. Akacheka kwa puani. "Anaitamani kwa ajili ya mkewe," alisema. "Subirini, atakuja kuinunua kwa bei ya chuma kikuukuu."

Mimi nilibaki na zile nambari. Nilizirudia nikiruka kamba: mia na kumi, mia mbili na thelathini. Hesabu nilijua. Ya pili ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kwanza. Na kwetu, mtu akikuongezea ndizi kwenye sinia hajakudhuru. Ng'ombe akipewa majani mara mbili hafi. Basi kama pasi ilinyoosha vizuri kwa mia na kumi, kwa mia mbili na thelathini ingenyoosha haraka zaidi, na hilo lilikuwa jambo jema, na mtu wa kulikataza lazima awe na lake moyoni. Nilimpenda Baba Zuhura. Lakini nilimwamini shangazi, kwa sababu alikuwa wetu.

Mae alianza kupiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Alikuwa fundi, na kina mama wa kanisani wakamjua. Ilipokaribia Jumapili ya kipaimara walimletea magauni meupe kumi na mawili ya wasichana watakaobarikiwa. Wiki ile mvua ilinyesha kama inavyonyesha Bukoba, bila kukusudia kuisha. Mkaa ukalowa. Pasi ikatoa moshi na majivu badala ya joto, na Jumatano mchana, niliporudi shuleni, nilimkuta Mae amesimama juu ya gauni la kwanza akitazama doa jeusi kwenye kola. Alilipuliza. Likaenea.

"Nakwenda sokoni kutafuta mkaa mkavu," akaniambia. "Kaa hapa. Usiguse magauni. Nakuja sasa hivi."

Akajifunika gunia kichwani, akaenda na karai.

Nilikaa. Nakumbuka kweli kwamba nilikaa, kwenye kigoda, mikono chini ya mapaja, kwa muda nilioona ni mrefu. Mvua iligonga mabati kiasi cha kutosikia mawazo yako. Zuhura alikuwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Nikasimama, nikayahesabu magauni yaliyoning'inia kwenye kamba. Nikakaa. Nikasimama nikaenda mlangoni, hakuna Mae. Nikahesabu tena. Kumi na mawili, na moja lina doa. Magoti yalikuwa yananiwasha kwa ndani, sijui niseme vipi, kama kuna kitu kinataka kutoka na kukimbia. Kisha nikawa nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati.

Nilikuwa nimeshaona watu wakifanya. Dukani kwa Mwarabu aliyeuza redio, kijana wake alipokosa plagi alikata waya, akaumenya ncha, akazisukumia kwenye matundu na kuzikaza kwa njiti za kibiriti. Redio ikaimba. Mimi nilikata plagi ya pasi kwa wembe wa Taata, nikajikata na kidole. Nikamenya kitambaa na mpira kwa meno. Ladha yake ninayo hadi leo, chungu na ya vumbi. Nikasokota zile nyuzi za shaba, nikahakikisha kidude cha ukutani kimezimwa kwa sababu kijana wa dukani alifanya hivyo, nikazisukuma kwenye matundu mawili, njiti mbili huku, tatu kule. Nikatandika gauni lenye doa juu ya blanketi mezani. Nikawasha.

Ilipata joto upesi kuliko nilivyotarajia, na nilifurahi. Nadhani nilicheka. Pasi ilianza kutoa sauti, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Niliiweka juu ya gauni kidogo tu, na ilipogusa, kitambaa kikageuka rangi ya kahawa, kisha cheusi, na pasi ikazama kama jiwe kwenye matope. Harufu ikaja. Niliiachia. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikabaki hapo. Pembeni mwa pasi, chini, chuma kilikuwa chekundu.

Hapo ndipo Mae akaingia, miguu mitupu, ameloa hadi magotini, karai la mkaa mkononi. Hakuuliza. Alitupa karai, akaishika pasi kwa mkono wa kulia ili aiondoe kwenye nguo za watu.

Hakuitoa. Mkono wake ulifumba juu ya mpini wa pasi na mwili wote ukakaza, kidevu kikapanda juu, na kooni mwake ikatoka sauti ambayo haikuwa ya Mae. Nilidhani amekasirika. Hiyo ndiyo aibu yangu ya pili: nilidhani amekasirika mno, na nikanyoosha mkono nimshike gauni nimwombe msamaha.

"Usimguse," mtu akasema kwa nguvu kutoka mlangoni. "Kaa hapohapo."

Alikuwa Baba Zuhura, amesimama barazani. Mvua ilimzuia asiende kwenye nguzo zake. Kabla sijageuka vizuri alikuwa ameshapotea mlangoni, na nikasikia ile swichi kubwa ya ubaoni ikishuka kwa kishindo. Mae akaanguka kama nguo inayotoka kwenye kamba. Baba Zuhura akarudi, akauvuta waya ukutani, akamwaga maji ya mtungi juu ya meza inayofuka, akapiga magoti kumsikiliza Mae moyo. "Anapumua. Kimbia umwite baba yako."

Nilikimbia. Lakini kabla sijakimbia, na hili ndilo linalonifanya niandike, niliinama nikaokota njiti tano za kibiriti zilizodondoka chini ya ukuta pamoja na ile plagi niliyoikata, nikazitia mfukoni.

Mae hakufa. Alilazwa hospitalini, na Taata mwenyewe alimfunga bandeji, mkono wa kulia wote, kiganja kikiwa kimeungua hadi ndani. Jioni aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa barazani, nikasikia Mae analia, nikaingia. Akaniamini. Mtoto wa miaka tisa, tena msichana, angejulia wapi mambo ya waya?

Mae alipoweza kusema, alisema ukweli wake: pasi aliiacha sandukuni, hakuichomeka yeye. Basi nani?

Shangazi alifika Alhamisi na akalifumbua lile fumbo kabla hajatua kikapu. "Nani katika nyumba hii anajua kumenya waya?" alimuuliza Taata kwa Kihaya. "Aliona mkeo ametoka. Aliingia kuijaribu, aone kama inafaa kuchukuliwa. Ikamshinda, akaiacha inawaka akatoka. Na aliijuaje ile swichi upesi namna ile? Alikuwa amesimama anangoja. Aliyezima ndiye aliyewasha."

"Alituonya," Taata akasema.

"Ndiyo. Mwizi wa kuku naye huonya kuna mwewe."

Nilikuwa hapo, namenya ndizi. Nilitegemea Taata akatae. Hakukataa. Nilimwona akilipokea neno lile polepole, kama mtu anayejaribu kiatu, na kila siku iliyofuata kikamkaa vizuri zaidi. Ijumaa hakuitikia salamu ya jirani. Jumamosi alisema atawaandikia wakubwa wa Baba Zuhura kazini, kwamba fundi wao anaingia nyumba za watu. Kila mtu mjini alijua mwisho wa barua kama hiyo, chini ya serikali ile ya mkoloni, kwa mtu mweusi anayefanya kazi ya kushika vyombo vya wazungu. Angerudishwa Pangani kabla ya mwezi kuisha, kama si jela.

Nami sikukaa. Nilikwenda mtoni mara nne kwa siku, nikateka maji yasiyohitajika. Nilifagia uwanja uliokuwa matope. Zile njiti na ile plagi nilizihamisha kutoka mfukoni hadi chini ya godoro, kutoka godoroni hadi nyuma ya choo, na kuzirudisha godoroni. Hospitalini nilimpelekea Mae uji, akautazama mkono wangu. "Umejikata?" Nikasema ni kisu cha ndizi. Alikitazama kile kidole kwa muda, kisha akageuza uso ukutani. Zuhura alikuja mlangoni kwetu Ijumaa na ukili wake. Shangazi akamwambia Koku hachezi. Koku ni mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia, na niliona miguu yake imesimama pale kwa kitambo, kisha ikaondoka.

Jumapili kipaimara kilifanyika. Wasichana kumi na mmoja waliingia kwa magauni yao, mmoja kwa gauni la dada yake lililomburuza. Baada ya ibada, mzee wa kanisa letu alikuja nyumbani, na Taata akamwita Baba Zuhura aje aseme mbele ya shahidi. Barua ilikuwa tayari mezani, imekunjwa. Mimi nilikuwa wa kupitisha kisonzo cha kahawa, kile kikapu kidogo cha buni za kutafuna ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Nilimpa mzee wa kanisa. Nilimpa Taata. Shangazi akanikazia jicho nisimpe wa tatu, nami nikabaki katikati ya chumba nimekishika.

Baba Zuhura alikaa kwenye ukingo wa kiti amevaa kanzu safi, kofia ameiweka gotini. Alikuwa amekonda. "Mimi niliikuta imeshachomekwa," alisema. "Nilisikia sauti ya yule mama. Nilikuta nyaya tupu ukutani."

"Ndani alikuwa nani?" mzee wa kanisa akauliza.

Aliinua macho akanitazama. Alijua. Alinikuta mle ndani, mgongo ukutani, kabla ya mtu mwingine yeyote. Alijua tangu Jumatano. "Mama na mtoto wake," akasema. "Sikuona mwingine." Akaangalia kofia yake.

"Umeona?" shangazi akasema kwa Kihaya. "Sasa anamsukumia mtoto."

Taata akaifunua barua, akachukua kalamu ya kuweka sahihi.

"Ni mimi," nikasema.

Taata alinigeukia. Aliniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini kabisa, ninajua ninachosema? Leo naelewa alikuwa ananiachia mlango. Kwa Kihaya neno lingeweza kubaki letu. Lingefunikwa, lingepatiwa jina jingine, na mgeni angetoka bila kuelewa. Nilielewa hivyo hata wakati ule, kwa namna ya kitoto. Nikamjibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha Zuhura, ili Baba Zuhura asikie.

"Nilikata plagi kwa wembe wako, Taata. Nikamenya waya kwa meno. Nikaukaza na njiti za kibiriti. Baba Zuhura hakuingia humu."

"Mtoto amefundishwa," shangazi akasema.

Niliweka kisonzo chini, nikaenda kuinua godoro. Nikazimwaga juu ya ile barua, plagi yenye meno bapa na njiti tano, ncha zake nyeusi. Mzee wa kanisa alivua miwani. Baba Zuhura aliinama mbele.

"Ulisukuma kwa vidole?" akaniuliza. "Kidude kilikuwa kimezimwa au kimewashwa?"

"Kimezimwa. Niliwasha baadaye."

Nilikuwa nimengoja hasira au shukrani, nikaona mtu mzima akishika kichwa. "Ungesahau hilo moja," akasema. "Ningekukuta wewe, na nisingesikia hata sauti." Kisha akalia, kimya, bila kuficha, na Taata akatazama sakafu.

Barua iliungua jikoni. Taata aliipeleka mwenyewe. Aliporudi alikiokota kisonzo, akakipeleka mbele ya jirani kwa mikono miwili, amepinda goti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu asiye mzee wake. "Nimekukosea, waitu," alisema. Waitu ni neno letu la heshima, na hakulitafsiri. Baba Zuhura hakuwahi kupenda buni zetu. Alisema zinamwacha ulimi kama ngozi ya kiatu. Alichukua mbili, akazitafuna zote.

Taata hakunipiga. Alinipeleka kwa Mae nikaseme mwenyewe. Mae alisikiliza mpaka mwisho, mkono mweupe wa bandeji kifuani. "Nilikuambia nakuja sasa hivi," akasema. "Ungeningoja tu." Hilo ndilo alilolisema, na hakulirudia tena maishani. Vidole vyake viwili vya kulia havikufunga tena. Nilikuwa vidole hivyo kwa miaka yote iliyobaki nyumbani. Nilifunga vifungo vyake, nilimenya ndizi, nilishika pasi ya mkaa naye akaniongoza kwa maneno.

Wiki ile ile Baba Zuhura alinikalisha barazani na ile pasi iliyoungua. Alinionyesha kibati na kunitaka nisome. Nikasoma mia na kumi. Akaniuliza ukuta unatoa ngapi. Akaniuliza tena, na tena, mpaka nilipojibu bila kuimba. "Umeme si chakula," akasema. "Hauachi kumpa mtu kwa sababu ameshiba. Kila chombo kimeandikwa kinachoweza kubeba. Usisikilize plagi inasema nini. Soma hapa kwanza." Sijawahi tangu siku ile kuchomeka kitu bila kukigeuza nikasoma.

Nilidhani limekwisha. Nilimkuta Zuhura nyuma ya nyumba anasuka, nikaketi karibu naye, nimejaa ukweli wangu kama mtoto aliyerudi na zawadi. Nikamsimulia yote: barua, godoro, njiti, nilivyosema kwa Kiswahili ili baba yake asikie. Nilingoja anishike mkono.

Aliendelea kusuka. Alimaliza mstari mmoja, akaunyoosha kwa kucha.

"Siku nne," akasema. "Ulijua siku nne. Baba aliacha kula. Mama alifunga mizigo. Na wewe ulikuwa nyuma ya pazia."

Nilihesabu kwa vidole, nimevificha chini ya sketi. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nilirudia, nikitafuta namna zitoke tatu. Kisha nikakaa pale karibu naye, bila kusimama, mpaka alipomaliza kusuka na kuingia ndani.